Mke Wangu Analaumu Miguu Yake, Kumbe ni Mkono Wangu

Mpendwa mshauri,

Nakusalimu kwa amani, wewe na wote wa nyumbani mwako. Je, hujambo? Na kile kikohozi ulichotuambia kwamba kilikuzuia kuandika wiki ile, kimekuachia? Mke wangu alisema tukuombee na tulikuombea kweli, kwa hiyo ukipona ujue na sisi tumo. Huku kwetu hatujambo, watoto wote watatu wameshaanza maisha yao, nyumba imetulia, mimi na mama watoto tumebaki wawili kama siku tulipoanza, na kusema kweli, mshauri, tuna furaha, ndiyo maana jambo hili linanichoma, kwa sababu mtu mwenye shida kumi akiongezewa moja haioni, lakini mtu mwenye raha akiingiwa na kijiwe kimoja kiatuni anakisikia kila hatua.

Naomba msaada wako. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na sita, dereva wa trekta kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, huu ni mwaka wa ishirini na moja, na shule niliishia darasa la saba kwa hiyo unisamehe mwandiko. Watu wananiita Taratibu kwa sababu sijawahi kulikimbiza trekta hata siku moja, hata mvua ikinikuta katikati ya shamba. Trekta letu lina kijiko mbele, yaani lile beleshi kubwa la chuma la kuzolea samadi na kupakia majani. Kinainuka, kinashuka na kuinama kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwenye mabomba ya mpira, na mimi nakiongoza kwa kishikio kimoja kilicho upande wa kulia wa kiti changu.

Mke wangu ni fundi rangi. Alijifunza kwa marehemu baba yake, na mkono wake ni mtulivu kiasi kwamba akipitisha mstari wa rangi nyeusi chini ya ukuta mweupe utadhani umepigwa kwa rula. Miaka sita iliyopita mama mwenye shamba alitaka zizi lipakwe chokaa kabla wakaguzi wa maziwa hawajafika, akamwita yeye. Ngazi ya shamba ilikuwa imekatika vidato viwili. Mke wangu akaitazama ile ngazi, akanitazama mimi, akalitazama trekta.

"Kwani hicho kijiko chako kazi yake ni kubeba samadi tu?"

"Kinabeba na majani."

"Basi leo kitabeba mwanamke."

Nilicheka nikidhani ni mzaha. Alikisugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka chuma kikang'aa, akatandika gunia, akapanda na ndoo yake ya chokaa, akaniambia, "Inua, baba, ila kumbuka umebeba mama wa watoto wako." Nikainua taratibu kuliko nilivyowahi kuinua kitu chochote. Alipofika juu akacheka kama msichana. Tangu siku hiyo hatukununua ngazi nyingine. Ghala tumelipaka hivyo, nyumba ya mama mwenye shamba tumeipaka hivyo, hata zahanati ya jirani tulipeleka trekta siku ya mapumziko tukaipaka bure. Sehemu za juu sana aliweka kreti la soda ndani ya kijiko, akaligeuza, akasimama juu yake.

Shida ilikuwa moja, kijiko kikishainuka simwoni, naona kilemba chake tu, na injini inanguruma hivyo hatusikilizani. Ndipo akaleta ujanja wake. Yeye ni sauti ya kwanza kanisani, akiimba anasikika juu ya injini yoyote. Akasema, "Nitakuwa naimba. Ukisikia naimba ujue niko salama. Nikifika kwenye kiitikio, sogeza trekta hatua moja mbele. Nikinyamaza, shusha." Mshauri, miaka sita tumefanya kazi kwa utaratibu huo. Wafanyakazi wenzangu walikuwa wanakuja kutusikiliza. Mkamuaji wetu mkuu, mtu wa maneno mengi, alikuwa akipita na ndoo zake anasema, "Wenzenu wakitaka kupendana wanakwenda kutembea mjini, nyie mnapandishana hewani na samadi." Mke wangu anamjibu akiwa huko juu, "Wivu utakumwagia maziwa, shemeji."

Sasa nikuambie kilichotokea. Wiki tatu zilizopita, siku ya Alhamisi mchana, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na mimi nilikuwa bado nimevaa koti la mvua. Tulikuwa tunapaka ukuta wa nyuma wa ghala chini ya gata, ule mfereji wa bati unaokinga maji ya paa. Mke wangu alikuwa juu ya kreti, na akaanzisha ule wimbo tulioimbiwa siku ya ndoa yetu. Hakuuanzisha kwa makusudi, ulimjia tu. Mimi naimba besi. Nilijizuia ubeti wa kwanza, ubeti wa pili nikashindwa, nikaingia. Na mimi, mshauri, nikiimba wimbo ule kanisani huwa nafumba macho na kuinua mkono wa kulia, si maringo, ndivyo unavyonichukua. Basi nikafumba macho. Nikainua mkono. Mkono mpana wa lile koti ukanasa kile kishikio cha kijiko, ukakivuta pembeni.

Nilisikia kreti likipasuka kwenye saruji kabla sijafumbua macho. Kijiko kilikuwa kimeinama mbele kama kinavyoinama ninapomwaga samadi. Ndoo ya rangi ilikuwa imekwisha mwagika ukutani. Mke wangu alikuwa ameshika gata kwa mikono miwili, mguu mmoja bado umo ndani ya kijiko na mwingine unaning'inia hewani, na chini yake ni urefu wa watu wawili mpaka kwenye saruji. Hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani, hakuona kijiko kilivyoinama. Nilirudisha kijiko, sijui hata kwa mkono gani, akakanyaga, akaliachia gata, nikamshusha. Aliposhuka alikuwa amepauka kama majivu, akakaa juu ya tairi la akiba, akanishika mkono huu huu wa kulia, akasema, "Nisamehe, baba. Miguu yangu imeteleza. Kidogo nikuachie msiba."

Na mimi nikasema, "Pole, mama. Tumshukuru Mungu."

Hayo ndiyo maneno yangu yote. Nilifungua mdomo, nikamwona anavyotetemeka, nikafikiri nikimwambia sasa nitamwongezea, nitamwambia akishapumzika. Alipopumzika nikasema nitamwambia jioni. Jioni alikuwa ameshalala. Na uongo, nimeugundua, ni kama unga uliokorogwa, kadiri unavyokaa ndivyo unavyokaza.

Angekasirikia ukuta au kijiko ningevumilia. Lakini ameikasirikia miguu yake. Ananiambia uzee umemfika, na ana miaka hamsini na mbili tu. Akishuka ngazi mbili za mlangoni kwetu anashika ukuta. Amekwenda kupima macho, macho ni mazima, akarudi akisema basi ni kizunguzungu. Alimpigia simu binti yetu akamwambia, "Mama yako sasa ni wa kukaa kwenye kiti." Shule ya msingi walimtaka akapake madarasa manne, kazi ya kusimama chini kabisa, akakataa. Na wiki iliyopita nilimkuta amefungasha zile brashi zake kubwa alizorithi kwa baba yake, anataka kumpelekea mdogo wake. Nilitoka nje, nikajifanya naangalia hewa kwenye tairi.

Nilijaribu kuungama, Mungu ni shahidi. Jumapili baada ya ibada alikuwa anachambua maharage mezani, nikakaa mbele yake nikasema, "Mama, kuna jambo linanielemea, nataka kuungama."

Hata hakuinua macho. "Umerudia kutia sukari kwenye chai."

Daktari alinikataza sukari, na ni kweli nilikuwa nimerudia.

"Vijiko vingapi?"

"Viwili."

"Nilijua. Bati la sukari lina miguu?" Akacheka, akanisukumia rundo la maharage nichambue kama adhabu, na mimi nikachambua, dhambi kubwa ikabaki tumboni, nikawa nimeungama sukari.

Mkamuaji aliona yote. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi. Juzi akanifuata kwenye trekta, na safari hii hakutania. "Mzee Taratibu, siku ile mkono uliunyanyua kwa nani?" Nikamwambia kwa Mungu. Akasema, "Sawa. Basi Mungu anajua, mimi najua, wewe unajua. Amebaki shemeji peke yake, na yeye ndiye aliyekuwa ananing'inia."

Kilichonifanya nishike kalamu leo ni hiki. Kanisa letu limepata rangi mpya, na mzee wa kanisa amemwomba mke wangu apake ukuta wa mbele, ule wenye pembe ya paa. Mimi nilidhani atakataa. Amekubali. Amesema, "Nimalize kwa nyumba ya Mungu, kisha niweke brashi chini." Ni Jumamosi ya pili kuanzia sasa, na mama mwenye shamba ameshatoa ruhusa ya trekta. Pembe ile ni ndefu kuliko kijiko kinapofika, kwa hiyo mke wangu amesema tutaweka meza ndogo ndani ya kijiko na kreti juu ya meza, naye atajifunga kamba kiunoni na kuifungia kwenye kijiko kwa ajili ya hiyo miguu yake. Uwanja wa kanisa umeinamia kidogo upande wa barabara lakini nitaweka mawe kwenye magurudumu. Waumini wote wanaisubiri siku hiyo, kwaya itakuwepo.

Mimi nimeshaapa mbele za Mungu kwamba sitaimba tena nikiwa kwenye kiti cha trekta, wala sitavaa koti, na macho nitayakodoa mpaka yatoke machozi. Nadhani kwa upande wa kazi nimeshajirekebisha. Kilichobaki ni moyo. Je, nimwambie mke wangu ukweli, au nimwache amalize kazi yake ya mwisho kwa amani, na mimi nibaki na Mungu wangu? Miaka thelathini hajawahi kuniuliza mara mbili neno lolote. Nikisema "panda", anapanda. Naogopa nikimwambia, hatapanda tena popote ninapoendesha mimi, na ile raha yetu itakuwa imekwisha. Nikinyamaza, naogopa ninavyomwona anavyoshika ukuta.

Usitaje jina langu. Tafadhali nijibu mapema, kabla ya Jumamosi hiyo.

Ni mimi, dereva wa shamba la maziwa.


Jibu la mshauri

Baba Taratibu,

Kikohozi kimepona, asanteni nyote wawili kwa maombi. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ina tarehe ndani yake. Niliisoma nikitabasamu mpaka kwenye lile kreti, na kuanzia hapo sikutabasamu tena.

Umeniuliza swali moja, kwamba umwambie au usimwambie. Nitalijibu. Lakini kabla ya hilo una swali kubwa zaidi ambalo hukuliuliza kabisa, kwa kuwa unadhani umeshalimaliza. Unasema kwa upande wa kazi umejirekebisha, hutaimba, hutavaa koti, utakodoa macho. Ndugu yangu, uimbaji wako hauna kosa. Imba. Kosa ni kwamba mke wako amesimama ndani ya chombo ambacho hakikutengenezwa kumbeba mtu, na umekuwa ukifanya hivyo kwa miaka sita ukiliita jambo hilo upendo.

Mimi si mtu wa mitambo, kwa hiyo nilimpigia simu fundi mmoja ambaye ametengeneza matrekta tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nikamsomea barua yako. Nilipofika kwenye meza na kreti aliniambia, "Ngoja kwanza, mama, nikae." Kisha akaniuliza, "Huyo bwana anadhani kijiko kinashikiliwa na nini kule juu?" Nikasema mafuta. "Na mafuta yamo ndani ya nini?" Nikasema mipira. "Basi mwambie mpira hauombi ruhusa. Ukipasuka, kijiko hakishuki, kinaanguka, na dereva awe macho, awe amelala, awe malaika, hana la kufanya. Nimeona mpira mpya ukipasuka. Wa kwao una miaka mingapi?" Jibu halimo kwenye barua. Wewe unalo.

Akaendelea, na mimi nikaandika. Kijiko hakina ukingo wa kumzuia mtu, kimetengenezwa kiiname kirahisi, kwa sababu kazi yake ni kumwaga. Kishikio kinaguswa na koti leo, kesho kinaguswa na goti, keshokutwa unapiga chafya. Ukisogeza trekta huku mtu yuko juu, gurudumu likiingia kwenye shimo la kiganja tu, yeye huko juu anarushwa umbali wa mkono mzima. Kwenye uwanja ulioinama, uzito ukiwa juu, trekta lenyewe linaweza kulala ubavu, na mawe yako ya magurudumuni yatakuwa watazamaji kama kwaya. Ukisogeza kijiko karibu mno na ukuta, unamgandamiza. Na ile kamba ya kiunoni, fundi alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye ukurasa huu. Kwa ufupi, inamfunga mkeo kwenye kitu kinachoanguka.

Umesema wewe ni Taratibu. Nakubali, na ndiyo hatari yenyewe. Dereva mwenye fujo asingepata mwanamke wa kupanda kijikoni mwake. Wewe upole wako umewafanya wote, mke, tajiri, mzee wa kanisa, waone jambo hili ni salama kwa sababu halijaua mtu. Miaka sita bila ajali haikuwa ushahidi kwamba mnajua kazi. Ilikuwa ni rehema, na wewe mtu wa ibada unajua rehema haipimwi kwa kuichokoza.

Basi kijiko kimekwisha. Siyo "tutakuwa waangalifu", siyo "mara hii ya mwisho kwa ajili ya nyumba ya Mungu". Mungu hakuomba ukuta wake upakwe hivyo.

Sasa mke wako.

Bwana wewe, ulimpa pole mwanamke kwa kosa lako mwenyewe. Nimeirudia sentensi hiyo mara tatu nikitafuta namna ya kuilainisha, sikuipata. Alikaa juu ya tairi akitetemeka, akakuomba msamaha, na wewe ukaupokea. Sisemi wewe ni mtu mbaya, mtu mbaya asingetoka nje kwenda kuangalia hewa kwenye tairi. Ulishtuka, na mshtuko unafunga mdomo. Siku hiyo nakusamehe. Ila wiki tatu zimepita, na mshtuko hauchukui wiki tatu.

Unaogopa ukisema atapoteza imani yake kwako. Hujaona kwamba imani imeshapotea, ila imepotea mahali pasipostahili? Amepoteza imani na mwili wake mwenyewe. Anashika ukuta akishuka ngazi mbili. Amekataa madarasa ambayo angeyapaka akiwa amesimama chini. Anagawa brashi za baba yake. Mwanamke aliyening'inia kwenye gata kwa mikono miwili juu ya saruji na hakupiga kelele wala hakuachia, huyo ndiye unayemwacha ajiite wa kukaa kwenye kiti. Unasema unataka amalize kwa amani. Anamaliza nini, wakati hakuna kilichokwisha?

Kwa hiyo utamwambia, na utamwambia wiki hii. Na usijidanganye kwamba una muda. Mke wako anasoma ukurasa huu, watu hawamwombei mshauri wasiyemsoma. Sikutaja jina lako la ubatizo wala shamba lako, lakini mwanamke aliyening'inia kwenye gata hahitaji jina ili ajijue. Nakala ya jibu hili nimeituma kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha, itakufikia siku tatu kabla ya gazeti. Siku hizo tatu ni zako, zitumie. Ikiwa atalisikia kutoka kwangu kabla ya kulisikia kutoka kwako, nitamhurumia yeye, sitakuhurumia wewe.

Usianze na "nataka kuungama", umeona ilikupeleka wapi. Mwondoe kwenye maharage, mwambie weka chini hicho unachofanya, kaa, nisikilize. Kisha sema maneno mafupi. "Siku ile miguu yako haikuteleza. Niliinua mkono nikiimba, koti likanasa kishikio, kijiko kikainama. Ni mimi. Nilinyamaza kwa woga. Miguu yako ni mizima." Basi. Usiingize mvua, usiingize wimbo wa ndoa ili alainike, usimtaje shetani. Akitaka kujua habari za wimbo atauliza.

Atakasirika. Ana haki. Inawezekana asiseme na wewe siku nzima, na kwa watu mnaoimbiana juu ya injini siku hiyo itakuwa ndefu. Lakini mtu ambaye hajakuuliza neno mara mbili kwa miaka thelathini si mtu wa kuondoka kwa sababu ya koti la mvua. Kitakachomuuma si mkono, ni zile wiki tatu. Usizitetee.

Kisha nenda kwa mama mwenye shamba, kabla ya Jumamosi, umwambie trekta halitakwenda kanisani kubeba mtu, wala zizini, wala popote. Mwambie shamba linunue ngazi nzima, na ile ya vidato vilivyokatika ipigwe shoka isije ikamshawishi mwingine. Mwonye na mkamuaji wako, nimempenda, lakini anaonekana ni wa kupanda akiona wewe umepanda.

Nenda na kwa mzee wa kanisa. Pembe ya paa inapakwa juu ya jukwaa, mbao imara au mabomba, lililojengwa na fundi ujenzi anayejua, likasimama wima kwenye ule uwanja ulioinama, lenye sakafu pana na ukingo wa kushika pande zote. Kama hakuna wa kulijenga, kodini ile mashine ya kuinulia watu, yenye kizimba na mkanda wa kujifungia, ambayo imetengenezwa kwa kazi hiyo na inakuja na mtu wake. Kama haipatikani Jumamosi hiyo, ukuta usubiri. Sehemu za chini apake kwa rola yenye mpini mrefu. Kwaya ikija ikute ukuta nusu, iimbe hivyo hivyo, haitadhurika. Kanisa lina fundi seremala angalau mmoja, sijawahi kuona kanisa lisilo na seremala.

Na zile brashi, usimzuie kwa maneno. Kamwambie mwalimu mkuu wa shule kwamba huenda fundi rangi atabadili mawazo, asiwape wengine madarasa hayo kwa wiki moja. Halafu nyamaza, mwache achague mwenyewe. Akiamua kustaafu huku anajua ukweli, hiyo ni haki yake. Akistaafu kwa sababu ya uongo wako, hilo ni deni lako mbele za Mungu, na hutalilipa kwa kuacha kuimba.

Trekta lako lina kazi nzuri ya kufanya kwenye jambo hili. Lipakie zile mbao za jukwaa kwenye kijiko, uzipeleke kanisani taratibu kama kawaida yako, zishushe, zima injini, toa ufunguo. Kisha wewe na mkeo mshike mbao upande huu na upande huu mwape mafundi. Siku hiyo anaweza kuwa bado hasemi nawe. Beba mbao hivyo hivyo.